Kisu cha mfukoni: lipia loki na chuma, usilipie jina

Wiki jana kijana mmoja anayefunga waya za umeme kule Kayole aliniandikia: "Mkubwa, nina elfu saba. Nataka kisu cha kukunja cha maana, cha kukaa nacho miaka. Ninunue kipi?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lake ni la wengi. Najua mnaonisoma mnapenda vifaa vilivyotengenezwa vizuri kama ninavyovipenda mimi, na mmechoka kununua kitu kimoja mara tatu. Kwa hiyo leo najibu kwa urefu.

Mimi nauza mitumba sokoni Gikomba, Nairobi. Robota hufika likiwa limekazwa kwa mikanda ya plastiki, na chini ya mikanda kuna gunia la nailoni. Siku ya kufungua, wateja wamekuzunguka tangu alfajiri, kila mmoja anataka kuchagua kamera, yaani nguo bora kuliko zote, kabla mwenzake hajaiona. Hapo hakuna muda wa kuhangaika na kisu butu. Unapenyeza ubapa chini ya mkanda, makali yakitazama juu na mgongo wa kisu ukilalia gunia, kisha unavuta kuelekea juu mara moja. Mkanda unakatika kwa kishindo na robota linafura kama unga wa mandazi. Ukigeuza kisu vibaya, umetoboa koti la elfu mbili ambalo mteja alikuwa tayari kulilipia. Kisu kwangu ni chombo cha kazi kama mizani ilivyo kwa muuza nyama.

Kisu changu cha kwanza cha kukunja nilikinunua mjini, kwenye duka ambalo sitalitaja. Kilikuwa chekundu, kinang'aa, kina msalaba mweupe kama visu vya Uswisi. Muuzaji, mzee mwenye mvi, aliniapia: "Kijana wangu, hiki ni orijino. Kwingine hukipati chini ya elfu tano." Nilimwamini kwa sababu ya umri wake. Mwezi haukuisha. Nilikuwa nimechomeka ncha ndani ya fundo la kamba, nikasukuma, loki ikaachia na ubapa ukanikunjikia vidoleni. Mpaka leo, baridi ya Julai ikiingia, kidole changu cha shahada hakikunji sawasawa. Niliporudi pale dukani mkono ukiwa kwenye bendeji, yule mzee hakunitazama usoni. Alisema tu, "Kisu ni kisu, ulikishika vibaya." Pesa nilisamehe. Neno lile sijalisahau, na kila ninapomwona kijana akipigiwa bei ya kisu kinachong'aa barabarani, nasimama na kumwambia ajaribu loki kwanza.

Loki za visu hivi nyingi hufanya kazi hivi: ndani ya mpini kuna bamba jembamba la chuma. Ukifungua kisu, bamba linaruka kama springi na kukaa nyuma ya kisigino cha ubapa, linauzuia usirudi. Kwenye kisu kibovu bamba ni laini, au linashika ukingoni tu, kwa hiyo ukisukuma kidogo linateleza. Kabla hujatoa hata shilingi, fungua kisu uchungulie ndani ya mpini uone bamba limeshika wapi. Shika ubapa kwa mgongo uutikise kushoto na kulia. Ukisikia unacheza, rudisha. Kisha weka vidole mbali na njia ya makali, ukandamize mgongo wa kisu kwenye kona ya meza. Loki ikiteleza hata mara moja, usikichukue hata ukipewa bure.

Baada ya loki, uliza chuma. Muuzaji akikuambia "ni stenlesi" bila kutaja aina, hajakuambia kitu. Kampuni zinazojiheshimu huandika aina ya chuma kwenye ubapa wenyewe au kwenye boksi. D2 hushika makali muda mrefu, lakini ingawa ina karibu asilimia 12 ya kromiamu, madini yanayozuia kutu, ukiiacha na maji inashika kutu. 14C28N ya Sweden haishiki kutu kwa urahisi na ni nyepesi kunoa. Kwa mtu anayekata matunda, au anayefanya kazi Mombasa penye hewa ya chumvi, ningechukua hiyo ya pili bila kufikiri mara mbili. Na chuma kizuri kikipikwa vibaya motoni hakina thamani, ndiyo maana jina la aina ya chuma peke yake halitoshi.

Sasa kipi ununue? Mimi natembea na Civivi Elementum, ya chuma cha D2. Civivi ni chapa ya bei nafuu ya kampuni ya WE Knife ya China. Ubapa una urefu wa kama sentimita saba na nusu, na kinafunguka kwa kusukuma kipembe kidogo kwa kidole cha shahada, kwa sababu ubapa unazunguka juu ya beringi. Nimekitumia msimu baada ya msimu kwenye marobota na loki haijawahi kutikisika. Majirani zangu sokoni wakikwama huja kukiazima, na naona fahari kukitoa. Bei yake ng'ambo huwa kati ya dola 50 na 70. Ongeza usafirishaji na ushuru kabla hujaagiza. Ontario RAT 2, kinachotengenezwa Taiwan, kiko karibu na bei hiyo na mpini wake unajaa mkononi zaidi. Ukiweza kupanda, Spyderco Delica hutengenezwa Seki, Japani. Spyderco ndio waliotuletea klipu ya kushika mfukoni pamoja na tundu la kufungulia kwa kidole gumba, mwaka 1981. Juu ya hapo unalipia starehe, na kwa kazi yangu sijaona tofauti.

Kwa yule fundi wa Kayole: elfu saba yako huenda isifikishe Elementum mlangoni kwako. Nunua Opinel namba 8, ya Ufaransa, ambayo ng'ambo ni kama dola 20. Wanatengeneza visu tangu 1890, na pete ya kufungia ubapa waliiongeza 1955. Chagua ule ubapa ulioandikwa INOX, yaani usioshika kutu kwa urahisi. Mpini ni wa mti; ukilowa unavimba na kukaba ubapa, kwa hiyo usiuloweke. Pesa inayobaki nunua jiwe la kunolea. Na usichune waya wenye moto kwa kisu chochote cha aina hii.

Jiwe ni muhimu. Usimpelekee kisu kizuri mtu anayenoa kwa gurudumu la baiskeli. Cheche zile ni joto, na joto likizidi chuma cha makalini kinalainika. Utarudi kwake kila wiki. Nunua jiwe lenye pande mbili, laza ubapa, inua mgongo kama nyuzi 20, noa taratibu pande zote sawa. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, basi.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito, hasa kwa vijana. Usibebe kisu kwa sababu ya ugomvi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inakataza kubeba silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutisha watu, na askari akikukuta nacho usiku ukiwa umelewa, maelezo ya marobota hayatakusaidia. Mimi kazi ikiisha kinabaki kwenye sanduku la vifaa. Nikilazimika kupita mlango wa mall nacho, namwambia mlinzi kabla hajanipekua, namwachia, nakichukua nikitoka. Tangu magaidi washambulie mall ya Westgate mwaka 2013, wale walinzi wana haki ya kuwa makini, na mimi nawaheshimu. Ukisafiri kupitia uwanja wa ndege wa JKIA, kiweke kwenye mzigo wa kupakiwa, kamwe usikiweke kwenye begi la mkononi.