Maswali yenu: Kama silaha haiui, mbona watu hufa?

Polisi husema risasi za mpira haziui. Ni kweli? (Mzazi, Tanga)

Mama, jina ndilo linalopotosha. Zinapunguza uwezekano wa kuua, na hata huko kupunguza kunategemea umbali na kiungo kinachopigwa. Waingereza walianza kuzitumia Ireland Kaskazini mwaka 1970: kipande cha mpira mgumu, urefu wa sentimita 15 hivi. Askari walitakiwa kupiga chini ili kidunde na kuwapata watu miguuni. Mitaani kikapigwa kwenye miili moja kwa moja, tena karibu. Risasi hizo, pamoja na za plastiki zilizofuata, ziliua watu 17, takriban nusu yao watoto.

Mwaka 2017 jarida la BMJ Open lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi mbalimbali. Kati ya majeruhi 1,984, watu 53 walifariki na 300 wakabaki na ulemavu wa kudumu. Karibu nusu ya vifo vilitokana na kupigwa kichwani au shingoni. Wengi waliopigwa jichoni hawakuona tena kwa jicho hilo. Nikisoma takwimu hizi sioni namna ya kuhalalisha kufyatua risasi hizo kwenye kundi la watu, ambako anayelengwa siye anayepigwa.

Bomu la machozi likiangukia uani, nifanyeje? (Mama lishe, Mwanza)

Tunaita gesi, dada yangu, lakini CS, kemikali iliyomo katika mabomu mengi ya machozi, ni unga laini sana unaorushwa na moto wa lile kopo. Kopo usiliguse, linaunguza. Watoe watoto waende upepo unakotoka, wala usiwafungie ndani kama moshi umeshaingia. Usifikiche macho, yaoshe kwa maji mengi safi. Nguo zivue mapema kwa sababu unga umenasa humo, na fulana ya mtoto ni heri uikate kwa mkasi kuliko kumpitishia usoni. Anayebanwa na kifua, hasa mwenye pumu, apelekwe hospitali bila kungoja.

Nasikia vitani mabomu ya machozi yamepigwa marufuku. Mbona raia wanapigwa? (Mwanafunzi, Nairobi)

Umesikia sawa. Mkataba wa Silaha za Kemikali wa 1993 unayakataza kama mbinu ya vita, lakini unayaruhusu kutuliza ghasia ndani ya nchi. Hofu ilikuwa kwamba askari akiona moshi hawezi kujua kama ni wa machozi au wa sumu, naye atajibu kwa sumu.

Nilikuwa askari magereza. Wafungwa wakigoma kutoka selo, bomu la machozi si afadhali kuliko rungu? (Mstaafu, Dodoma)

Mzee wangu, shikamoo. Kuna tukio ambalo kila askari magereza angefundishwa. Tarehe 18 Agosti 2013, nje ya gereza la Abu Zaabal nchini Misri, mahabusu 45 walikuwa wamesongamana kwa saa nyingi ndani ya gari la polisi, juani. Bomu la machozi likafyatuliwa humo ndani. Watu 37 walikufa.

Barabarani mtu hukimbia. Selo ina mlango mmoja, na ufunguo unao wewe. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2020 unataka kemikali hizi zisitumiwe mahali palipofungwa pasipo hewa ya kutosha, au pasipo njia ya kutokea. Rungu nalo huvunja mifupa. Mfungwa aliyegoma ndani ya selo hana pa kwenda, mzee wangu, kwa hiyo muda mnao: mwiteni anayemwamini, azungumze naye mlangoni.