Swali la lugha: 'Challenge' si lazima iwe changamoto

Msomaji anayesomea tafsiri huko Morogoro ameniletea sentensi tatu za Kiingereza, zote zenye neno 'challenge'. Ya kwanza inamhusu mgombea aliyekwenda mahakamani baada ya uchaguzi. Ya pili ni ya mlinzi aliyemzuia mtu getini usiku. Ya tatu ni ya binti aliyeambiwa na kaka zake kwamba hesabu hazimfai, naye akazikazania mpaka akawa wa kwanza darasani. Msomaji anasema alitumia maneno matatu tofauti, na mkufunzi wake akayakata yote kwa kalamu nyekundu, kila mahali akaandika 'changamoto'. Anauliza nani kakosea.

Mkufunzi kakosea, ndugu yangu, mara mbili kati ya tatu. Nitarudi kwenye sentensi zako. Ila umenigusa palepale panaponiuma, na lazima niseme kwanza lililonikaa kooni miaka mingi.

Kiingereza kililipata neno hilo kutoka Kifaransa cha kale, nacho kutoka Kilatini 'calumnia', yaani kumsingizia mtu. Ndiyo maana hadi leo lina ukali wa kushutumu, kupinga, kumwita mtu aje mpambane. Maana ya jambo gumu linalokupima uwezo ilikuja baadaye sana, na hiyo ndiyo tuliyoipokea sisi, tukaifungulia mlango ikafukuza majirani wote.

Changamoto lenyewe ni neno zuri. Litamke polepole: sikio linasikia kuchangamka, linasikia moto. Ni jambo linalomwamsha mtu na kumtia ari. Mwanafunzi aliyepitwa na mwenzake kwa alama moja amepata changamoto. Timu ndogo iliyopangiwa bingwa mtetezi imepata changamoto. Katika mifano hiyo yupo mtu mwenye nguvu za kutenda na lipo jambo linalomwita atende. Likikosekana hilo, neno linabaki ganda.

Sasa sikia tangazo lililobandikwa mtaani kwetu: 'Wananchi mnaarifiwa kuwa kuna changamoto ya maji.' Basi, limeishia hapo. Nililisoma mara tatu, ndoo mkononi. Changamoto gani? Maji yamekatika? Yamekatika leo tu au wiki nzima? Bomba limepasuka? Pampu imeungua? Kuna mgawo, na kama upo, zamu yetu ni lini? Au maji yapo ila yana tope, tuyachemshe? Au yameingia chumvi? Kila moja ya hayo lina jina lake katika Kiswahili, na kila jina lina kazi kwa mwenye nyumba. Akisikia mgawo, atajaza mapipa siku ya zamu. Akisikia bomba limepasuka, atamtuma kijana kwa jirani mwenye kisima kabla foleni haijawa ndefu. Akisikia tope, atakinga, ataacha yatuame, atachuja. Akisikia changamoto, atasimama na ndoo yake kama nilivyosimama mimi.

Na kuna baya zaidi. Bomba lililopasuka lina fundi wake. Pampu iliyoungua ina mtu aliyepaswa kuikagua. Mgawo una aliyeupanga, unaweza kumfuata umuulize kwa nini mtaa wa pili wanapata siku nne na sisi moja. Changamoto ya maji haina mwenyewe. Imekuja tu, kama mawingu. Hapo ndipo hasira yangu ilipo: neno lililoumbwa kumwamsha mtu afanye kazi sasa linatumika kumfichia asiyeifanya. Dirishani vilevile, umefuata cheti chako, unaambiwa kuna changamoto ya mtandao. Mtandao ukikatika, umekatika. Ukiwa chini, uko chini. Watu wote mtaani wanasema 'unasumbua' au 'hausomi', na wanaelewana.

Mlango wa kuingilia naujua, kwa kuwa nimekaa kwenye semina na warsha za kutosha. Kila taarifa ina sura mbili: mafanikio na changamoto. Kila risala ina sentensi ileile, 'Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, zipo changamoto', kisha inafuata orodha moja ndefu ambamo uhaba wa madawati, wizi wa dawa na mimba za wanafunzi vimepewa jina moja, kana kwamba vina uzito mmoja na dawa moja. Uhaba unatibiwa kwa kununua. Wizi unatibiwa kwa kumkamata mwizi. Mtoto aliyepewa mimba amefanyiwa kosa na mtu mzima mwenye jina. Ukiviita vyote changamoto, umemtoa mwizi kwenye orodha ya wezi.

Wazee wetu hawakuogopa majina. Mwalimu Nyerere alipohesabu yanayoisumbua nchi, alitaja ujinga, umaskini na maradhi, akayaita maadui. Adui unajua utamfanya nini. Watu walikwenda madarasa ya jioni na vibatari kwa sababu waliambiwa ujinga ni adui. Sidhani kama mtu angewasha kibatari kwa ajili ya changamoto ya kutojua kusoma.

Mwaka 2021, korona ilipokuwa imetukamata Tanzania, tulizoea kusikia kuwa fulani amefariki kwa 'changamoto ya upumuaji'. Nilizika watu wangu katika miezi hiyo. Kiswahili kina kubanwa kifua, kina nimonia, kina pumu, kina kushindwa kupumua. Aliyekata roho akihangaika kuvuta hewa hakuwa na jambo la kumtia ari. Alikuwa anakufa. Na jirani aliyekuja kuhani msiba alistahili kuambiwa ugonjwa kwa jina, apate kujilinda na kuwalinda wa nyumbani kwake. Nikilisikia neno hilo katika tanzia hadi leo, moyo unanishuka.

Najua nitajibiwa kwamba hiyo ni tafsida, na tafsida ni adabu ya Mswahili. Kweli kabisa. Hatusemi mbele za watu kwamba mke wa fulani ni tasa. Tukisema wana changamoto ya uzazi, tumewasitiri, na kwa hilo sina ugomvi na mtu yeyote. Tafsida ya kweli humsitiri mwenye maumivu. Ila hata hapo tumsikilize mwenyewe kwanza. Tumekazana kusema 'watu wenye changamoto ya kusikia', tukidhani tunawaheshimu, wakati wao chama chao wamekiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Wamejiita viziwi bila aibu, wana Lugha ya Alama yao. Aibu ni yetu sisi.

Watu wa pwani wana neno lao zuri ambalo nasikitika kuona linarudi nyuma. Mtu akifikwa na zito, amefiwa au ameuguliwa, watamwambia 'huu ni mtihani'. Ndani ya neno hilo yumo anayetahini, yumo anayetahiniwa, na yamo matumaini ya kufaulu. Kama unatafuta neno la 'challenge' kwa maana ya jambo zito la maisha linalompima mja, hilo hapo, limepikwa likaiva.

Na ile maana ya kumwita mtu mpambane? Hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo kwa wingi kuliko wengi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi 1776 hadi 1840, alitupiana mashairi na Lamu, Zahidi Mngumi akimjibu, miji miwili ikitunishiana misuli kwa beti. Kwa hayo tuna kulumbana, kujibizana, kumvimbia mtu, kumkabili, kumchokoza, kutupa kijembe. Vijana wanasema 'kuchalenji', na kwenye mpira tumezoea Kombe la Chalenji, lile ambalo Tanzania Bara ililitwaa 1974, 1994 na 2010. Silipendi neno hilo, lakini nimelivumilia, kwa sababu kijana anayesema 'nimemchalenji' anamaanisha kweli kwamba amemkabili mtu. Hajaficha kitu.

Kwa mengine yote maneno yapo tele. Kinachokosekana ni ukosefu. Kisichotosha ni uhaba au upungufu. Kinachozuia njia ni kikwazo. Mashine ina hitilafu, kazi ya mtu ina dosari au kasoro, kinachowachosha wananchi kila siku ni kero, na kinachotafuta ufumbuzi ni tatizo. Sijui tatizo limetukosea nini hata limegeuzwa neno la kuonewa haya. Hodari wa hesabu anapewa matatizo kumi afumbue, na anayafumbua.

Sasa sentensi zako. Mgombea wako aliyepinga matokeo mahakamani, mwache apinge. Umeandika 'alipinga matokeo', na Kiswahili chote, Nairobi na Dodoma, kinasema hivyo. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba 2017, ilikuwa imesikiliza kesi ya kupinga matokeo. Ukiandika 'aliyapa matokeo changamoto', hakimu mwenyewe atakuuliza umekwenda kufanya nini.

Mlinzi wako umemwandikia 'alimsimamisha akamhoji'. Sawasawa. Anayepita getini usiku anasikia 'Simama! Nani wewe?', na kinachofuata ni kuhojiwa. Mrudishie mkufunzi karatasi kwa heshima zote, umwonyeshe hizo mbili.

Ya tatu uliandika kwamba maneno ya kaka zake 'yalikuwa kichocheo'. Si kosa, lakini hapo ningekubali kalamu nyekundu. Binti kaambiwa hawezi, damu ikamchemka, akawasha taa akafungua daftari. Mpe changamoto yake, ni haki yake.