Mtaje Hilary Putnam

Dada, kwa swali lako kama kuna mwanafalsafa aliyewahi kuifaa kompyuta, maana mwanao anasoma falsafa pale Chuo Kikuu cha Nairobi na jamaa wanamkejeli: yupo, Hilary Putnam wa Marekani. Mwaka 1960, yeye na mwanahisabati Martin Davis walibuni njia ya kupima kama fomula ya mantiki, yaani kauli iliyoandikwa kwa alama, inaweza kuwa kweli. Iliboreshwa 1962, na hadi leo mbinu zilizotokana nayo hukagua saketi za chipu za kompyuta kabla hazijatengenezwa. Si jambo dogo hilo! Kuhusu akili, alisema hali ya akili hutambulika kwa kazi inayofanya, iwe ndani ya ubongo au mashine. Namheshimu zaidi kwa sababu baadaye aliikosoa mwenyewe nadharia hiyo, kitabuni, 1988. Kijana akazane na mantiki.