Maswali ya Wasomaji: Nina Arsenal Yangu, Lakini Bukhungu Je?

Toleo hili tunajibu barua kuhusu Ligi Kuu ya Kenya. Nyingi zimekuja na lawama moja: tunazijua namba za jezi za wachezaji wa London kuliko majina ya vijana wanaocheza mtaa wa pili. Tumechagua barua zinazouliza la kufanya.

Mimi ni Arsenal tangu shule ya msingi na sitaacha. Lakini uwanja wa Bukhungu ni dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu, na nimeingia mara mbili tu maishani. Wenzangu wanasema Jumamosi ni ya Uingereza. Nianzie wapi? — Msomaji, Kakamega

Anzia kwenye saa, ndugu yetu. Arsenal yako usiiache. Ugomvi wa Kakamega Homeboyz, timu yenu ya hapo Bukhungu, na Uingereza mara nyingi ni ugomvi wa ratiba, na ratiba inasuluhishwa kwa kalamu na karatasi.

Mechi nyingi za Uingereza siku ya Jumamosi huanza saa tisa alasiri kwa saa za kule. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hiyo ni saa kumi na moja jioni kwetu. Baada ya hapo wenzetu hurudisha saa nyuma, na mechi hizohizo huanza saa kumi na mbili jioni. Mechi ya nyumbani ikianza saa tisa alasiri, ukijumlisha mapumziko na dakika za nyongeza, kipenga cha mwisho hulia karibu na saa kumi na dakika hamsini. Kwa hiyo tangu Novemba hadi Machi una zaidi ya saa nzima ya kutoka Bukhungu, kunywa chai na kufika kwenye banda la mpira kabla Arsenal hawajagusa mpira. Agosti hadi Oktoba ni dakika chache tu, hivyo kaa karibu na lango. Inayogongana kabisa ni ile mechi ya mapema ya Uingereza, ambayo kwetu huanza saa nane na nusu, au saa tisa na nusu msimu wao wa baridi. Arsenal wakipangiwa hiyo, tafuta mechi ya nyumbani ya Jumapili au ya katikati ya wiki.

Mwanzo wa mwezi ziweke ratiba mbili kando kwa kando, kisha uchague mechi mbili. Usiahidi zote. Anayeahidi zote huchoka kufikia mechi ya tatu, na akichoka anaondoka na wenzake.

Tafuta watu sita. Kikundi cha sita kinapatana kwa simu moja, kikundi cha sitini kinahitaji mwenyekiti na hakiendi popote. Mechi za kawaida kiingilio mara nyingi huwa kama Sh200. Ongeza Sh100 ya njugu na maji, na mmoja wenu akusanye hizo Sh300 Alhamisi. Alhamisi tunaisema kwa sababu: pesa ambayo haijakusanywa kufikia Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi ishapata kazi nyingine.

Kinachoua vikundi vya namna hii ni mechi kuhamishwa. Uwanja unafungwa kwa ukarabati au unachukuliwa kwa sherehe ya serikali, na timu inapelekwa mji mwingine siku mbili kabla. Nyayo na Kasarani zilifungwa kwa muda mrefu kutayarishwa kwa mashindano ya Afrika ya CHAN, na klabu za Nairobi zikawa wageni nyumbani kwao. Hakikisha mara mbili kwamba mechi ipo, Alhamisi kabla ya kukusanya pesa na tena asubuhi ya mechi, kwenye ukurasa wa klabu yenyewe. Muwe pia na mechi ya akiba, ya ligi ya wanawake au ya daraja la pili, ili siku ikiharibika msirudi nyumbani mikono mitupu. Mtu aliyefika akakuta lango limefungwa ni vigumu kumrudisha.

Jambo la mwisho, na hili tunalisema kwa uchungu. Mlangoni utakutana na mtu atakayekunong'oneza, "Leta mia, pita." Usimpe. Hiyo mia haifiki klabuni. Lipa mia mbili, udai tiketi, uingie nayo mkononi. Kiingilio ndicho kinachosaidia kulipa basi la timu na, kwa klabu isiyo na kampuni nyuma yake, sehemu ya mishahara. Mishahara hiyo tunaifikia katika barua inayofuata, maana hapo ndipo ligi yetu inapovuja damu.

Nafundisha timu ya vijana. Kijana aliyecheza kwetu tangu akiwa na miaka 13 hadi 16 alichukuliwa na klabu ya Ligi Kuu, sasa yuko Ulaya, na tunasikia atauzwa kwa klabu ya nchi nyingine. Sisi tuliomnunulia viatu tunapata chochote? — Kocha, Kisumu

Mnaweza kupata, kocha, na si kwa hisani ya mtu. Ni kanuni ya FIFA. Mchezaji akiuzwa kimataifa mkataba wake ukiwa bado unaendelea, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa timu zilizomlea kuanzia mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa kutimiza miaka 23. Mwaka wa kutimiza miaka 12, 13, 14 na 15 kila mmoja una asilimia 0.25 ya ada. Kuanzia 16 hadi 23, kila mwaka una asilimia 0.5.

Tuseme kijana wako anauzwa kwa euro 2,000,000. Miaka ya 13, 14 na 15 ni 0.25 mara tatu, yaani asilimia 0.75. Ongeza 0.5 ya mwaka wa 16, mnafika asilimia 1.25. Hizo ni euro 25,000. Akiuzwa tena baadaye kwa masharti yaleyale, mnapata tena.

Mbali na hiyo kuna fidia ya malezi, inayolipwa mchezaji anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, au anapohamia klabu ya nchi nyingine kabla ya mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Hesabu yake ni tofauti, maana inategemea daraja la klabu inayomchukua, lakini ushahidi unaotakiwa ni uleule.

Na ushahidi ndipo timu zetu zinapokwama. Tangu Novemba 2022 malipo haya yamekuwa yakipitia kituo cha FIFA kilichoko Paris, ambacho husoma historia ya mchezaji kutoka kwenye mfumo wa usajili. Hakisomi picha za zamani wala hakiulizi wazee wa mtaa. Kama timu yenu imesajiliwa kama kikundi cha kijamii tu, bila uanachama wa Shirikisho la Soka Kenya (FKF) kupitia tawi lenu, kwa mfumo huo hamkuwahi kuwapo. Kama mlimsajili kijana mwaka wa kwanza mkasahau miaka mitatu iliyofuata, mnahesabiwa mwaka mmoja. Tatizo jingine ni majina: cheti cha kuzaliwa kina jina moja, fomu ya shule ina lingine, pasipoti imegeuza mpangilio. Na kama kuna aliyepunguza umri wa kijana ili acheze mashindano ya watoto, tarehe hazitapatana tena na madai yanaanguka. Aliyepunguza ile miaka miwili alidhani anamsaidia mtoto, kumbe ameitoa timu nzima kwenye hesabu.

Fanya hivi wiki hii. Kusanya nakala za fomu za usajili za kila msimu, orodha za wachezaji zilizogongwa mhuri, na cheti cha kuzaliwa. Nenda FKF uulize nambari ya FIFA ya mchezaji na uombe kuonyeshwa historia yake ilivyoandikwa. Kukiwa na pengo, omba kwa barua lirekebishwe sasa, kabla hajauzwa. Uhamisho ukishaingia kwenye mfumo, muda wa kukagua historia ni mfupi.

Sasa turudi kwenye mshahara. Umeona tumesema "mkataba ukiwa bado unaendelea". Mchezaji anayeondoka huru hana ada, na asilimia 5 ya sufuri ni sufuri. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuidai klabu kwa maandishi, kuipa angalau siku 15, na isipolipa akavunja mkataba kwa haki. Ana haki kabisa, naye ana watoto wa kulisha. Lakini pamoja naye inaondoka ada ambayo ingelipa mishahara ya wenzake, na inaondoka ile euro 25,000 yako. Kocha, ile mia iliyoingia mfukoni mwa mtu wa langoni Bukhungu inakugusa wewe Kisumu.

Kwa nini nitoe pesa yangu wakati wadhamini wakubwa wenyewe walikimbia? — Msomaji, Nakuru

Ni kweli waliondoka, tena kwa mfululizo: SuperSport ya televisheni 2017, SportPesa ya kamari 2019 wakati wa mvutano wake na serikali juu ya leseni na kodi, kisha BetKing, nayo ya kamari, iliyodumu msimu mmoja tu hadi 2021. Kila mara klabu zilizotegemea hundi hiyo zilibaki na wachezaji wasiolipwa.

Tazama majirani. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, wenye thamani ya Sh225.6 bilioni za Tanzania. Simba na Yanga hazikupendwa kwa sababu ya televisheni. Televisheni ililipa kwa sababu zinapendwa. Kamera inayoonyesha viti vitupu haimshawishi mtangazaji yeyote, na sisi hatuna haki ya kumlaumu.

Na hatuwezi kusema Wakenya hawajazi viwanja. Agosti 2025 Kasarani ilifurika Harambee Stars ilipoifunga Morocco 1-0 kwenye CHAN, hadi Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likapunguza idadi ya mashabiki kwa sababu ya vurugu za langoni. CHAN huchezwa na wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Bao lile lilifungwa na Ryan Ogam wa Tusker. Wiki chache kabla ya hapo ungeweza kumtazama kwa bei ya sahani ya chipsi. Shabana nao waliporejea Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17, Kisii haikuhitaji kubembelezwa kwenda uwanjani.

Na kama unaogopa pesa yako kutumiwa vibaya, dawa ni uanachama wa klabu. Lipia kadi, nenda kwenye mkutano mkuu, uliza hesabu zilizokaguliwa. Shabiki asiye na kadi anapiga kelele tu. Mwenye kadi anapiga kura.

Niko Doha. Nitumeje mchango, na jezi halisi nitaijuaje? — Msomaji, Qatar

Tuma kwa nambari ya Lipa na M-Pesa iliyotangazwa na klabu yenyewe, na mwombe ndugu aliye Kenya alisome jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha. Likiwa jina la mtu badala ya klabu, simamisha. Jezi nunua dukani kwa klabu au kwa muuzaji iliyemtaja. Ya mchuuzi wa nje ya uwanja inaweza kuwa nzuri machoni, lakini klabu haipati hata senti.

Nataka kuwapeleka wanangu wawili, wa miaka 7 na 10, lakini naogopa fujo. — Mama, Nairobi

Hofu yako ina msingi, dada, na usiwaanzishe kwa Mashemeji, yaani Gor Mahia dhidi ya AFC Leopards. Hiyo ni mechi tamu kuliko zote, lakini msongamano wa langoni si wa mtoto wa miaka 7. Chagua siku ambayo mojawapo inacheza na klabu ndogo, au mechi ya Tusker au Kenya Police.

Nunua tiketi kwa simu siku moja kabla na uipige picha kwenye skrini, kwa maana mtandao hulemewa langoni na tiketi hukataa kufunguka. Fikeni saa moja kabla. Msongamano mbaya huwa dakika 20 za mwisho, watu wote wanapobanana kwenye mlango mmoja ulio wazi. Kaeni jukwaa kuu, pembeni, karibu na ngazi, mbali na ngoma na tarumbeta. Waandikie watoto nambari yako ya simu mkononi kwa kalamu, na mkubaliane mahali pa kukutana mkipotezana, na pasiwe langoni. Mwishoni msiondoke na kipenga. Subirini dakika 15, mara nyingi wachezaji huja kupungia mashabiki na watoto huwaona kwa karibu. Na bebeni leso mbili za kukalia, saruji ya jukwaani saa tisa alasiri huwa inachoma.