Muulize Fundi Picha: Shela limetoka jeupe kama karatasi

SWALI: Mambo fundi, nina kikamera cha mfukoni nilikipata mtumba kwa bei poa. Juzi dadangu kaolewa huku Tanga nikapiga picha kama mia mbili hivi, sasa zile za nje shela limekuwa jeupe tupu, hata maua yaliyodariziwa kifuani huyaoni, za ukumbini nazo watu wote wa njano utadhani wamepakwa bizari na picha zimejaa chenga. Jamaa ananiambia kitupe ununue kamera kubwa. Kweli kompyuta haiwezi kuziokoa? (Kaka wa bibi harusi)

JIBU: Poa kaka, na hongera kwa shughuli. Kamera usitupe, huyo jamaa labda anauza ya kwake.

Nianze na baya: shela limeungua, yaani mwanga ulizidi mno, hilo halirudi. Kikamera chako kinaseivu JPEG, aina ya faili la picha ambamo kila rangi ina ngazi 256 tu za mwanga, kuanzia 0 mpaka 255, na shela lote limegota kwenye 255, kwa hiyo maua hayapo kabisa, ukilishusha mwanga unapata rangi ya dekio basi. Penye giza ndo huwa kunabaki kitu cha kuvuta. Kwa hiyo siku nyingine juani tafuta alama ya +/- (ya kuongeza au kupunguza mwanga) weka -0.7, mwanga utaupandisha nyumbani, ila usizidishe maana sisi weusi nyuso zitazama na ukizivuta zinakuja na chenga zake. Mimi bibi harusi namsogeza kwenye kivuli cha mwembe, yameisha.

Za ukumbini ndo zina matumaini. Shusha GIMP, programu ya kuediti picha, ni ya bure, piga kopi ya picha kwanza (orijino usiiguse, JPEG kila ukiiseivu upya inapoteza kidogo), halafu kwenye menyu ya rangi fungua Levels. Kuna vialama vitatu kama bomba la kudondoshea dawa ya macho, chukua cha katikati kagonge kitambaa cheupe cha meza, sehemu ambayo haijaungua, utaona bizari inaondoka watu wanarudi binadamu. Humo humo kwenye Levels kuna mchoro kama kilima cheusi unaoonyesha giza na mwanga wa picha, chini yake kuna pembetatu tatu, ya kulia isogeze mpaka kilima kinapoanza, ya kushoto vivyo hivyo, ya kati ivute kushoto kidogo nyuso zifunguke.

Chenga zipunguze kidogo tu, ukikazana shangazi anakuwa mdoli wa plastiki. Na kama unaprinti picha za inchi 4 kwa 6 wala usihangaike, saizi hiyo inataka megapikseli 2 na ushee tu, kamera yako ina nyingi kuliko hizo, picha ikishapunguzwa chenga nyingi zinajificha zenyewe. Kunoa picha (kufanya mistari ionekane kali) iwe kazi ya mwisho kabisa, baada ya kupunguza saizi.

Halafu futa lenzi kaka! Mimi niliwahi kuediti wiki nzima picha zenye ukungu kumbe ni mafuta ya pilau ya kidole changu mwenyewe.

Zile za shela lililoungua, kropu ubaki na uso na mikono yenye hina, yule dada anacheka vizuri na hapo hakuna kilichoungua.