Göteborg hadi Vienna kwa gari: hesabu saa, si kilomita

Mara ya kwanza tulipotoka Göteborg, huku Sweden tunakoishi, kwenda Berlin, Ujerumani, kwa gari, niliangalia ramani kwenye simu, nikaona ni kilomita mia nane na kitu, nikasema hiyo ni siku moja tu. Nikalipia chumba kwenye hoteli ndogo, nikapakia watoto, tukaondoka asubuhi. Tulipofika Rødby, kule kusini mwa Denmark, kivuko kilikuwa kimeshang'oa nanga, tukangoja kingine. Karibu na Lübeck, upande wa Ujerumani, barabara ilikuwa inakarabatiwa, magari yamesimama. Tukafika Berlin saa saba usiku, tukakuta mlango wa hoteli umefungwa. Mapokezi yalikuwa yamefungwa saa nne, na namba ya kufungulia kisanduku cha funguo ilikuwa kwenye barua pepe ambayo sikuwahi kuifungua. Watoto walikuwa wamelala wamepindana kwenye kiti cha nyuma. Nilisimama pale kwenye baridi nikitafuta ile namba, mikono inatetemeka kwa uchovu, nikajua kwamba saa mbili za mwisho nilikuwa nimeendesha gari katika hali ambayo baba hapaswi kuendesha watoto wake.

Tangu siku ile sipangi safari kwa kilomita. Napanga saa za usukani, na kwetu ni tano kwa siku, basi. Ukiambiwa na simu ni saa tano, wewe andika saba, maana kuna chooni, kuna mafuta, kuna foleni, kuna mtoto anayetapika. Safari iliyofuata tuliipanga hivi: Göteborg hadi Trelleborg, bandari ya kusini mwa Sweden, mchana, jioni tukapanda kivuko cha usiku kwenda Rostock, Ujerumani. Kivuko kile huchukua kama saa sita, wewe umelala kitandani huku gari lako linavuka Bahari ya Baltiki. Chumba cha kulala humo kina bei yake, sikatai, lakini unaokoa hoteli ya usiku mmoja na unashuka Ujerumani ukiwa na akili timamu. Kutoka Rostock hadi Berlin ni takriban kilomita 230. Tukalala Berlin siku mbili, tukala mchana Dresden, tukaingia Prague, mji mkuu wa Czech, kisha Vienna, Austria.

Safari hiyo tulikuwa na mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa karatasi. Viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka kati yao, unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kwa mama ilikuwa Sweden. Ukishaipata, kwa kawaida unaweza kuingia nayo nchi nyingine za Schengen, ila siku zisizidi zilizoandikwa, na kwa vyovyote zisipite 90 ndani ya kila siku 180. Hesabu kwa vidole, usikisie. Bima ya safari nayo ni lazima, yenye kulipia matibabu yasiyopungua yuro 30,000. Sisi wenye vibali vya ukaazi tulibeba kadi pamoja na pasipoti, kwa sababu kadi peke yake haitoshi.

Tulipokaribia mpaka wa Czech, mama alitoa pasipoti kwenye mkoba, akaifungua ukurasa wa viza, akaishika kwa mikono miwili. Amezoea Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, ambako unashuka, unapanga mstari, unagongewa muhuri. Mara kibao cha buluu chenye nyota, cha kukuambia umeingia Czech, kikapita dirishani, na gari halikupunguza hata mwendo. Dakika kumi baadaye akauliza, "Mwanangu, mpaka uko wapi?" Nikamwambia tumeshauvuka. Aliendelea kuishika ile pasipoti hadi Prague. Wakati wa kurudi aliihitaji kweli, kwani Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi walitusimamisha. Kwa hiyo usidanganyike na kile kibao, pasipoti zikae karibu na mkono, sio chini ya masanduku kwenye buti.

Mpaka usiokuwa na geti unakusahaulisha kwamba sheria zimebadilika pale pale. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na urefu wa sentimita 140. Sweden anaruhusiwa kukaa bila kiti cha mtoto, kwani kikomo ni sentimita 135. Ujerumani haruhusiwi mpaka afike sentimita 150 au atimize miaka 12. Kiti kilekile nilichotaka kukiacha stoo ndicho kilichohitajika kuanzia tunashuka Rostock. Czech hairuhusu dereva hata tone la pombe. Taa za mbele Sweden na Czech unawasha hata jua likiwa la utosi. Rifleta za pembetatu, fulana ya kung'aa na sanduku la huduma ya kwanza viwe garini muda wote, na fulana iwekwe mahali unapoweza kuivaa kabla hujashuka.

Halafu malipo ya barabara. Gari dogo halilipi kwenye barabara kuu za Ujerumani. Czech unalipia kwa mtandao, na tangu 2021 hakuna tena stika, malipo yanafungwa kwenye namba ya gari. Soma namba yako herufi kwa herufi kabla ya kulipa, maana ukichanganya O na sifuri umelipia gari la mtu mwingine. Austria nako unaweza kulipia kidijitali, na malipo yana tarehe ya kuanza ambayo lazima uiangalie. Nunua kwenye tovuti rasmi ya nchi husika. Kuna tovuti za madalali zinazofanana nazo sana na zinaongeza pesa yao juu.

Kama gari ni la kukodi, omba kwa maandishi orodha ya nchi unazoruhusiwa kuingia, na uulize pia kuhusu kivuko. Rafiki yangu alifika kuchukua gari na mabegi yake, akaambiwa hapo hapo kwamba haruhusiwi kulivusha. Na mwenye leseni ya nyumbani aje na ile ya kimataifa.

Sisi tuliojifunzia udereva Tanzania, Kenya au Uganda, kuendesha upande wa kulia hakutusumbui barabara ikiwa na magari, kwa sababu unafuata mwenzako. Hatari ni asubuhi mapema unapotoka kituo cha mafuta na barabara haina mtu. Hapo ndipo mkono unarudi kushoto wenyewe. Mke wangu ana kazi moja dakika hiyo, anasema kwa sauti, "Kulia." Hata Wasweden walikuwa wakipita kushoto hadi tarehe 3 Septemba 1967.

Jambo la Ujerumani lililomgusa mama ni foleni. Magari yalipoanza kusimama, ya njia ya kushoto yakajibana kushoto kabisa, ya njia nyingine zote yakajibana kulia, bila honi wala kelele, katikati ukabaki uchochoro ulionyooka. Baadaye kidogo ambulansi ikapita humo kwa kasi. Ni sheria, Austria pia. Fanya hivyo mara tu magari yanapopunguza mwendo, usingoje kusikia king'ora, maana kufikia hapo huna tena nafasi ya kusogea.

Mafuta jaza nje ya barabara kuu, ni nafuu. Chakula nunua Jumamosi, kwa sababu Jumapili maduka mengi ya Ujerumani na Austria yamefungwa. Sarafu za choo weka kwenye kikombe karibu na gia.

Na katika kila siku nne au tano, acha moja isiyokuwa na kitu. Yetu ilikuwa Prague. Miguu ya mama ilikuwa imevimba kwa kukaa garini, hivyo hatukwenda kuona ngome wala daraja. Tulibeba chapati na chupa ya chai ya tangawizi, tukakaa kwenye benchi kando ya mto Vltava. Mama akavua viatu, akawatazama mabata maji weupe kwa muda mrefu, kisha akaniambia nimpigie simu dada yangu Tanga, naye awaone.