Uliza Fundi wa Nyasi: mkeka wa gofu, baridi ya Julai, na mchanga ambao hatubebi

*Fundi habari ya siku. Mimi ni mchezaji wa wikendi tu, handikapu yangu (ile namba ya kupima uchezaji, ikiwa kubwa wewe ni mchovu) ni 22 na tusiizungumzie sana. Januari nilienda kuona dada yangu anafanya kazi Dundee huko Scotland, shemeji akanilipia raundi kwa kiwanja kimoja cha kando ya bahari. Kufika kwa starta, yule anayepanga watu waanze raundi, nikapewa kakipande ka kapeti ya kijani kamefungwa kamba, nikaambiwa kila mara mpira ukilala kwa feawei, ile njia ya nyasi fupi ya katikati, niuokote, niweke hako kamkeka chini, mpira juu yake, halafu nipige. Fundi niliskia vibaya, nikajua wameona mgeni wanaogopa nitawachimbia kiwanja kama shamba la viazi. Shemeji akasema ni sheria ya kila mtu, lakini shemeji ni mtu wa kupenda amani. Ni ukweli ama alikuwa ananituliza? Na kama ni kitu poa hivyo, mbona hapa Nairobi hatutumii wakati huu wa baridi, maana feawei za klabu yetu zimejaa mashimo. — Msomaji, Lang'ata*

Ndugu wa Lang'ata, shemeji hakukudanganya, mnunulie soda. Hata pale St Andrews kwenye Old Course, ambapo watu wa gofu wanaenda kama mahujaji, kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi ukiwa kwa feawei unapigia juu ya mkeka. Handikapu 22, handikapu 2, mwenyeji, mgeni, wote. Viwanja vingi vya pwani ya huko wanafanya hivyo, na kwingine wanakupa chaguo, kama hutaki mkeka basi okota mpira uupeleke pembeni kwa rafu, ile nyasi ndefu, upigie huko, mradi tu usiguse ile nyasi fupi ya katikati. Kwa hivyo haikuwa wewe, ilikuwa ni kalenda.

Sasa niruhusu nieleze kidogo juu hapa ndio penye utamu. Ukipiga na ayani 7, ile fimbo ya kichwa cha chuma, vizuri, yaani vile kocha anataka, fimbo inagonga mpira kwanza halafu inakata ardhi mbele ya mpira, na kinachoruka pale ni kipande cha nyasi na udongo wake saizi ya kiganja, ndio hiyo divoti. Sio kosa, ni kazi nzuri. Mwezi wa sita huko Scotland hilo shimo linajifunga ndani ya wiki chache kwa sababu nyasi inakua mchana na jioni, na jioni yao ya mwezi wa sita haiishi. Lakini udongo ukishuka chini ya kama digrii 6 za selsiasi, zile nyasi zao nyembamba za feskyu na benti zinasimama. Hazijakufa, zimelala tu. Na mwezi wa kumi na mbili jua lenyewe pale St Andrews linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi na saa tisa na nusu mchana limeshaingia, sasa nyasi itakula nini? Shimo ulilochimba wewe Novemba tarehe 10 linakungoja hapo hapo hadi Aprili, likiwa na sura ile ile uliyoiacha.

Halafu piga hesabu ya mama mboga. Tuseme watu 80 wanacheza kwa siku, kila mmoja ang'oe vipande 15 tu, hiyo ni mashimo 1,200 kwa siku moja, na hayo mashimo hayatapakai kiwanja chote, yanakusanyika mahali pamoja kwa sababu zile feawei za pwani zina mabonde mabonde na mipira yote inateremka kulala kwa kabonde kamoja. Ukienda huko mwezi wa tatu kama hakuna mkeka utapata hako kabonde ni mchanga mtupu. Na mpira wako ukiangukia kwa shimo la divoti ya mtu mwingine, sheria ya gofu haikuonei huruma, unapiga ulivyolala. Kwa hivyo huo mkeka uliokuudhi ndio uliokuwekea mpira mahali pazuri kila saa, ulikuwa unacheza ukiwa umependelewa na hukujua.

Kuhusu sisi. Baridi ya Nairobi ni ya sweta na chai ya tangawizi, nyasi haiijui. Julai usiku tunashuka digrii 11, siku mbaya 10, mchana tunarudi 20 na kitu, udongo haufiki karibu na hiyo 6. Ni kweli nyasi inapunguza mwendo kwa sababu ya mawingu, hata mashine tunapeleka mara chache, lakini kulala hailali.

Na nyasi yenyewe ni gani? Feawei nyingi za Nairobi ni kikuyu, ile ile mama anakatia sungura kando ya barabara. Hii ni nyasi ya kwetu, ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, wazungu waliibeba wakaipanda Australia, Afrika Kusini, Kalifonia, kwingine sasa wanaiita gugu wanaitafutia dawa ya kuimaliza na haiishi. Kiwanja cha Riviera kule Los Angeles, ambapo gofu ya Olimpiki ya 2028 itachezewa, feawei zake ni kikuyu. Kwa hivyo mabingwa wa dunia watagombania medali juu ya chakula cha sungura wetu, mimi hiyo inanifurahisha kila nikikumbuka.

Kikuyu inatambaa, juu ya ardhi na chini ya ardhi pia. Ukiitoboa inatuma vidole kutoka pande zote inajifunga, lakini inataka vitu viwili, maji na kitu cha kutambalia. Mashimo unayoona Julai kwa klabu yenu siwezi kulaumu Julai. Mengi ni ya Januari na Februari, jua kali, maji ya kumwagilia yamepunguzwa, nyasi ina kiu, watu wanachimba na hakuna anayejaza, halafu mvua ya Aprili inakuja inageuza kila shimo kuwa kabeseni ka matope. Tatizo lenu ni mchanga ambao hakuna mtu anabeba. Mkeka hauna kazi hapo.

Nenda ukaangalie wewe mwenyewe Jumamosi. Kedi, yule anayembebea mchezaji begi la fimbo, anakuwa na kamfuko kake ka mchanga, lakini mwenye begi yuko mbele anatembea haraka anaongea na simu, kedi afanye nini, anamfuata. Shimo linabaki. Ukiwa na adabu simama nusu dakika, mwaga mchanga ujae mpaka usawa wa ardhi, sio kilima, halafu ukanyage na kiatu taratibu. Nasema sio kilima kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa juu ya mashine miaka hiyo yote, mchanga ukizidi unaingia kwa visu, na kisu cha mashine ya kukata feawei kikishakula mchanga kinang'oa nyasi badala ya kukata, unaona ncha zote zimekuwa nyeupe kama zimechanwa na meno. Na kile kipande ulichong'oa, kwa kikuyu usijisumbue sana kukirudisha, mara nyingi kinakauka, mchanga ndio dawa. Huko Scotland wanarudisha kwa sababu udongo wao una unyevu na kinaweza kushika.

*Fundi sasa. Mimi ni kedi, siwezi sema klabu gani. Bosi wangu mmoja alirudi kutoka ng'ambo na mkeka wa gofu, anataka nimtandikie kila shoti, feawei yote, hata Jumamosi iliyopita kwa mashindano ya klabu alitandikiwa. Wenzake wananuna lakini ni mkubwa hakuna anayemwambia. Mimi nikisema nitaonekana nina mdomo. Niambie kama ni halali na kama sio halali nifanyeje. — Kedi, Kibra*

Kijana wangu, hapo umeshika moto. Siku ya kawaida akicheza na marafiki zake, wakikubaliana, mtandikie tu, hakuna polisi wa gofu, na hata nyasi itamshukuru. Mashindano ni kitu kingine. Mkeka unakubalika pale ambapo kamati imeuandika kama sheria ya kiwanja, vile wanafanya huko Scotland. Kama kamati yenu haijaandika, kuokota mpira kwa feawei na kuupigia mahali pengine ni kucheza kutoka mahali pasipofaa, na hiyo kwa mchezo wa kuhesabu mikwaju ni mikwaju miwili ya adhabu. Kila shoti. Ukihesabu shimo 18 bosi wako anaweza kumaliza na skoa ya kriketi.

Ila usichanganye na ile ya msimu wa mvua ambapo kamati inabandika karatasi kwa ubao kwamba mpira wa feawei unaweza kuokotwa, ukapanguswa matope, ukawekwa karibu hapo hapo. Hiyo wachezaji wengi wa Nairobi wameizoea hadi wanaifanya hata Februari ardhi ikiwa kavu kama chapati ya juzi. Karatasi ikitolewa kwa ubao, ruhusa nayo imeenda.

Ufanyeje? Usimkosoe mbele ya wenzake, wewe ndiye utabeba hiyo aibu yake mpaka nyumbani. Ngoja mkiwa kwa ti ya kwanza, pale mnapoanzia, wewe na yeye tu, umwambie hivi: «Mzee, leo ni mashindano, nimeangalia ubao sijaona wameandika mkeka, si niuweke kwa begi wasije wakakutolea skoa?» Hapo umemlinda yeye, hujamfundisha. Akikataa, kedi masta, msimamizi wa makedi, yuko, huyo ndiye wa kupelekewa maneno, polepole.

Na siku mkiutumia kwa raundi za kawaida, mtandikie ukiwa umelala sawa na ardhi, mkeka ukiwa na kona imeinuka fimbo inaukamata na mkeka unaruka mbali kuliko mpira, nimeona kwa macho. Mpira unakuwa umeinuka kidogo kutoka chini kwa hivyo apige akifagia, asipige akichimba. Funga hiyo kamba kwa begi kila mkimaliza, maana kitu cha kwanza watu wanasahau kwa feawei ni mkeka, na atakayerudi mita 150 kuufuata sio bosi.

(Wale mliosoma neno mkeka mkadhani leo natoa timu za wikendi, poleni. Huu hauchaniki kwa sababu ya Arsenal.)

*Salamu Fundi. Niko kwa kamati ya kiwanja kwa klabu yetu, na mwenzetu mmoja amependekeza tununue mikeka ya feawei, kila mchezaji apewe mmoja kuanzia Juni hadi Agosti «kama Ulaya». Wengi wanaunga mkono. Mimi roho inasita lakini sina maneno ya kuwaeleza. — Mama wa Kiambu Road*

Mama, roho yako ina akili. Hayo ya juu ukiwasomea yatatosha, lakini kamati hupenda kitu cha kufanya badala ya kitu cha kukataa, kwa hivyo wape hiki.

Msinunue ya feawei. Nunueni mikeka mikubwa michache ya uwanja wa mazoezi, pale ambapo mtu mmoja anapiga mipira 100 akisimama mahali pamoja, hapo hata kikuyu inashindwa. Halafu angalieni zile ti za shimo fupi, za par 3, yaani za mikwaju mitatu. Kila mtu anapiga hapo na ayani, kila mtu anachimba, na hako ka-ti kenyewe ni kadogo kama sebule. Januari na Februari wekeni mkeka mmoja pembeni, nyasi ipumzike, mvua ya Machi ikishika mtoe. Na msiuache umelala mahali pamoja, muusogeze mara kwa mara la sivyo mtaufunua mkute chini nyasi imekuwa njano kama mgonjwa.

Pesa inayobaki weka kwa mchanga na kwa maji. Mchanga safi uliochekechwa, sandukuni kila ti, na chupa kwa kila begi. Najua mchanga hauna picha nzuri kwa ripoti ya mwaka, mwenyekiti hawezi kupigwa picha akizindua mchanga.

Huyo mwenzenu anayesema «kama Ulaya» muulize pia kama anataka kufunga kiwanja asubuhi kwa sababu ya jalidi. Huko ukikanyaga nyasi iliyoganda alfajiri unavunja majani yenyewe, na nyayo zako zinabaki nyeusi kwa siku kadhaa. Sisi tunakanyaga umande tu, tunalowesha soksi, tunaendelea.

*Fundi, ile kapeti ya mlangoni imeandikwa KARIBU, naweza kuikata nifanyie mazoezi ya gofu kwa kota? — Umoja*

Hapana. Mpira wa chini wa hiyo kapeti ni mnene, fimbo inadunda na kiwiko chako ndicho kitalipa. Nenda kwa wale wanaouza kapeti ya nyasi bandia kwa mita, waombe kipande kilichobaki, saizi ya karatasi ya A4 inatosha, kiwe chepesi chenye mgongo mwembamba. Toboa kona moja uweke kamba. Na tumia mipira ya plastiki ile ina matundu, madirisha ya majirani hayana sheria ya kiwanja.